Keki ya Kutazamwa, Kisu cha Kukatia

MWOKAJI: Nina sharti moja, na sijalibadilisha tangu nianze kazi hii. Kitu kikisimama mezani kikaitwa keki, nje yake kipambwe kwa vinavyoliwa. Ndani tia povu, tia boksi, tia hata pumba za mpunga. Nje iwe sukari. Jasi, puti ya ukuta, silikoni ya dirishani na rangi ya kupuliza vina kazi yake, na kazi yake ni nyumba.

MPAMBAJI: Mama, dami, yaani keki ya bandia, si keki. Ni pambo, sawa na maua ya plastiki pale langoni na vitambaa vya viti. Hakuna anayeuliza kama kitambaa cha kiti kinaliwa. Ngazi tano ninazokodisha, Jumamosi hii ziko Sinza, Jumamosi ijayo Tabata, ile nyingine zinapakiwa kwenye Noah kwenda Morogoro. Nikizivika sukari zitapita Kibaha zimebonyea, na Morogoro zitashuka vipandevipande.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Ndiyo maana sisi wa kamati tunaipenda dami. Wageni mia tatu, na kila mmoja anaonja kipande kisichozidi kidole gumba. Keki ya ngazi tano, yote unga, mayai na siagi, nani aichangie? Bado kuna ukumbi, chakula, muziki, magari na ndafu ya wakwe. Tunachotaka ni keki inayoonekana kwenye picha. Ngazi moja ya kweli inatosha maharusi kulishana, na sinia za keki iliyokatwa jikoni zinapita kwa wageni.

MWOKAJI: Sijasema dami ife, baba. Nimetengeneza nyingi. Povu nalifunga nailoni ya jikoni, napaka mafuta ya mgando kidogo, nalivika fondanti. Sherehe ikiisha naitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, sukari inavuka, povu linabaki jeupe kama siku lilipotoka dukani. Wiki ijayo nampambia bibi harusi mwingine kwa rangi nyingine. Huyu mwanangu akishasiliba puti yake, rangi aliyoichagua ndiyo hiyo mpaka povu livunjike.

MPAMBAJI: Na kila wiki kilo za sukari zinakwenda mtaroni. Hilo nalo mbona hulisemi? Unamwaga chakula kizima kumlinda mtu ambaye hatakula. Tena sukari yenyewe ya pwani unaijua. Inavuta maji ya hewani. Ukumbi una kiyoyozi, mlango ukifunguliwa joto linaingia, fondanti inatoka jasho, nyekundu inachuruzika juu ya nyeupe mbele ya mpiga picha. Usiku stoo wanakuja sisimizi, nyuma yao mende, nyuma ya mende panya. Dami ya sukari iliyolala stoo wiki tatu bado unaiita salama kwa kuwa siku ya kwanza ilikuwa inalika?

MWOKAJI: Ya wiki tatu siiti keki. Ila kuna sukari na sukari. Aisingi ya ute wa yai na sukari ya unga ikikauka inakuwa ngumu kama chokaa. Ukiiweka kwenye boksi kavu inakaa miezi. Ya siagi sipaki kwenye dami hata kwa dawa, maana mafuta yanachacha na harufu haifichiki. Na mgeni akibandua ua la ute wa yai akalitia mdomoni, atakuta vumbi na utamu. Akibandua la kwako atakuta nini?

MPAMBAJI: Atakuta hawezi kulibandua. Ndiyo faida yake.

(Hapa wote wawili walicheka, na mimi mwandishi nikadhani mambo yameisha. Hayakuisha.)

MPAMBAJI: Halafu jambo hili si letu peke yetu, wala si uvivu wa mabinti wa siku hizi. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari iligawiwa kwa vipimo kuanzia Januari 1940, na mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuvika keki sukari. Maharusi wakawa wanakodi keki za jasi na za boksi, zenye nguzo na maua, nyeupe pe. Zilizunguka nyumba hata nyumba kama dami zangu.

MWOKAJI: Maliza hadithi, mwanangu. Ile jasi ilikuwa kofia. Walipokwisha kupiga picha waliiinua, chini yake kikatokea kikeki kidogo cha kuliwa. Kisu kilikata kile kidogo. Jasi iliwekwa pembeni. Wale walikuwa kwenye dhiki na walijua kutenga.

MPAMBAJI: Na Japani? Mikahawa inaweka dirishani bakuli za tambi, samaki na keki za plastiki zinazofanana na za kweli hata unataka kulamba kioo. Zamani zilikuwa za nta, leo ni plastiki. Kazi inayoheshimika, ina mafundi wake. Hakuna anayewaambia waweke samaki wa kweli kwa usalama wa mpita njia.

MWOKAJI: Umelitaja mwenyewe. Kioo.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Kwa hiyo tatizo ni kioo? Tuwanunulie maharusi kabati?

MWOKAJI: Tatizo ni kisu, baba. Kwenye dirisha la mkahawa hakuna kisu. Kwenye harusi yetu keki inakatwa mbele za watu, mshereheshaji anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanapiga vigelegele. Dami nyingi zimetobolewa kidirisha ngazi ya chini, ndani kimechomekwa kipande cha keki halisi ili kisu kipate pa kuingia. Sasa fuata kisu. Kinapita kwenye pambo la nje, kinatoka na chembe, kinaingia kwenye keki. Kipande kinakwenda mdomoni mwa bwana harusi, cha pili mdomoni mwa bibi harusi, cha tatu na cha nne kwa wazazi. Wa kwanza kulishwa puti ya ukuta anakuwa mama mkwe.

MPAMBAJI: Kidirisha mimi sitoboi. Anayetoboa kidirisha kwenye dami ya puti anaharibu kazi yetu sote, na hapo nakubaliana nawe bila mabishano. Kwangu ngazi ya juu ndiyo keki, imeokwa jikoni kwingine, inafika kwenye boksi lake. Inakaa juu ya kibao chake kilichofungwa foili, kipana kuliko keki yenyewe. Kisu kinashuka mpaka kwenye kibao na kusimama.

MWOKAJI: Na kwa waumini wa Kiislamu kuna jingine. Fondanti nyingi zina gelatini, na gelatini ina asili yake. Mtu anasema, aa, ile ni dami, hailiwi na mtu. Lakini kisu kilekile...

MPAMBAJI: Basi hapo sukari yako ndiyo yenye kesi, jasi yangu haina nguruwe.

MWOKAJI: Haina. Naomba sasa twende kwenye glita.

MPAMBAJI: Karibu.

MWOKAJI: Glita na unga wa dhahabu havikai vilipopakwa. Feni ya ukumbini ikizunguka vinashuka kwenye ngazi iliyo chini, kwenye sahani, kwenye vidole vya anayepanga. Kibao chako cha foili kinazuia kisu, hakizuii unga. Na unga huo si mchezo. Marekani, jimbo la Rhode Island, mwaka 2018, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Ule mng'ao wa waridi na dhahabu ulikuwa unga wa shaba. Mwaka 2019 jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka mmoja akakutwa na madini ya risasi kwenye damu. Unga wa manjano uliotumika kupamba keki ulipopimwa, robo yake ilikuwa risasi. Robo! Shirika la Afya Duniani linapendekeza rangi ya ukutani isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Kwa hiyo ukuta una kikomo kikali kuliko keki ya yule mtoto.

MPAMBAJI: Mama, nimekusikiliza. Sasa nijibu. Zile keki zilikuwa dami?

MWOKAJI: Hapana.

MPAMBAJI: Zilikuwa keki za kuliwa, zimepambwa na watu wa upande wako. Sumu haikutoka kwenye puti ya mpambaji wa povu. Ilitoka kwenye kichupa kizuri kilichokaa rafu moja na rangi za chakula, mtu akaona kinang'aa akakichukua. Mimi ninapotumia puti hakuna mtu duniani anayedhani ni siagi, kopo lake lina picha ya nyumba. Hatari iko kwenye vitu vinavyojifanya chakula. Hiyo sukari yako inayofanana na unga wa shaba ndiyo inayowachanganya watu.

MWOKAJI: Umenipiga pazuri. Lakini ngoja. Kile kichupa kilinunuliwa kwa kazi gani? Vingi vimeandikwa kwamba ni vya mapambo tu. Yaani vya dami. Vya maonyesho. Kikishaingia kwenye kabati la mapambo hakibaki kwenye dami. Jumamosi asubuhi unga unaolika umeisha, gari linapiga honi nje, msichana wa kazi ananyoosha mkono. Ndiyo maana nasema jikoni mwangu kisiingie kabisa, hata kwa kazi ya povu. Na mamlaka ya chakula ya Marekani, baada ya mambo hayo, ilibidi iwakumbushe watu kwamba kuandikwa "haina sumu" si kuandikwa "inaliwa". Glita ya kuliwa inaorodhesha viambato vyake: sukari, wanga wa mahindi, gundi ya mgunga, rangi zilizoruhusiwa. Isiyo na orodha ibaki kwenye kadi za mwaliko.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Mimi Kariakoo nimeshika kichupa hakina hata jina la nchi kilikotoka.

FUNDI RANGI: Samahanini, mimi nimeitwa kwa ajili ya ukuta, lakini masikio hayana mlango. Dada, hiyo rangi ya kupuliza unaipigaje kwenye povu?

MPAMBAJI: Sipigi moja kwa moja. Nilijifunza kwa hasara. Ya kwanza nilipuliza dhahabu, nikaenda kula, nikarudi nikakuta ngazi imekuwa kama sega la nyuki.

FUNDI RANGI: Thina hiyo. Rangi nyingi za kupuliza zina thina ndani, na thina, petroli, hata dawa ya kuondolea rangi ya kucha, vyote vinakula lile povu. Ndiyo kwanza uso unaliwa, halafu mvuke wake unauvuta wewe. Povu lipakwe gundi nyeupe ya mbao mikono miwili, likauke, ndipo puti nyepesi, ndipo msasa, ndipo rangi ya maji. Rangi ya mafuta ya zamani, hasa manjano na chungwa, ndiyo inayosifika kwa risasi. Ukikuta kopo kuukuu la bosi wako stoo, liache hukohuko.

MWOKAJI: Kwa hiyo fundi unasema puti ni sawa?

FUNDI RANGI: Puti ipi? Ya saruji inachoma macho na ngozi. Hiyo ni ya ukuta wa nje, si ya kupamba kwa mfuko wa aisingi huku umekaa kwenye mkeka na mtoto mgongoni. Jasi ya dari haichomi hivyo, lakini ukiikoroga nzito inapata moto inapoganda, usichovye mkono. Silikoni ya dirishani inatoka vizuri kama krimu, nimeona mabinti wanapiga nayo maua. Ile yenye harufu ya siki, chumba kiwe wazi mpaka harufu iishe. Na vumbi la msasa, barakoa. Vumbi la puti halina harusi.

MPAMBAJI: Na povu lenyewe mimi silikati kwa waya wa moto ndani. Nakata uani.

FUNDI RANGI: Hapo sawa. Sasa mniambie, zile fataki za kuchomeka juu ya keki, zinazotoa cheche wakati muziki unapanda, mnaziweka wapi?

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Juu ya keki.

FUNDI RANGI: Juu ya povu.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Mshereheshaji ndiye anayezileta.

FUNDI RANGI: Povu lile karibu lote ni hewa, kilichobaki ni plastiki. Likishika linadondosha matone ya moto na moshi mweusi. Mmebishana nusu saa kuhusu chembe ya glita.

(Nakiri kwamba hata mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Nimehudhuria harusi nyingi, nimepiga makofi kila cheche ziliporuka.)

MWOKAJI: Na mshumaa vilevile. Mimi dami yangu ya sukari nayo ina povu ndani, kwa hiyo hapo hatuna mshindi.

MPAMBAJI: Kwenye maua pia huna ushindi, mama. Maua yako ya sukari yana waya katikati. Mashada yako umeyashikiza kwa vijiti vya meno. Fondanti yako umeizuia isiteleze kwa pini. Mtoto akilamba puti yangu atatema, ni chungu na ni ngumu. Akitafuna ua lako tamu atafika kwenye waya. Utamu ndio mtego.

MWOKAJI: Pini nahesabu. Zinazoingia kumi, zinazotoka kumi, na nanunua zenye vichwa vya rangi zionekane. Waya ni kweli. Nimewahi kumwona mtoto akiutoa mdomoni, nikalala usiku ule bila usingizi. Tangu siku ile waya hauingii kwenye keki, unaingia kwenye mrija kwanza, na maua yote yanaondolewa kabla ya kukata.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe.

MWOKAJI: Wahenga hawakuwa na mtoto wa mwaka na nusu kwenye meza ya juu, baba. Yule halilii chochote. Anapita chini ya kitambaa, anachovya kidole, analamba. Watoto wa harusi wote huelekea kwenye keki, na mama zao wako kwenye foleni ya zawadi. Huyo ndiye mteja wangu. Mgeni mwenye miaka arobaini ajue mwenyewe.

MPAMBAJI: Basi tuandike. Chini ya kila ngazi, kwa herufi kubwa: HAILIWI. Na upande wa wageni kibao kidogo chenye maandishi mazuri. Nimelipendekeza hili mara tatu kwa kamati tatu.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Chini ya ngazi sawa. Kibao cha upande wa wageni hapana.

MPAMBAJI: Unaona?

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Sikilizeni. Wakwe wanatoka mbali. Tumewaambia keki ni ya ngazi tano. Mkiweka kibao pale, mjomba wa upande wa pili atakisoma kwa sauti mbele ya ukumbi. Aibu hiyo mtamlipa nani? Dami ni kwa ajili ya macho. Ukiitangaza, imekufa.

MWOKAJI: Na hapo ndipo mimi na huyu mwanangu tunapoishia kuwa wamoja bila kupenda. Yeye anaweza kupaka jasi, mimi nikapaka sukari, lakini wewe ndiye unayesema isijulikane. Mhudumu wa ukumbi hajui. Wapishi hawajui. Shangazi mmoja mwenye roho nzuri anachukua kisu kingine akakatie kamati ngazi ya tatu. Nimeona ngazi ya tatu ikikatwa! Mipira midogo myeupe imetapakaa hadi kwenye pilau.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Huyo shangazi angeniuliza mimi.

MWOKAJI: Ulikuwa unahesabu bahasha.

MPAMBAJI: Lakini mama, isigeuke kwamba sasa hoja yako imeshinda. Kwa sababu dami haitangazwi, unasema wote tuipambe kwa sukari. Mimi nasema kwa sababu haitangazwi, itengenezwe kwa kitu ambacho kisu kikigonga kinarudi. Shangazi angejua mara moja. Kwenye dami yako kisu kiliteleza vizuri kwenye fondanti mpaka kikafika kwenye povu. Ulaini wako ulimdanganya.

MWOKAJI: Alikula sukari na chembe ya povu. Kwako angevunja kisu na kumeza chokaa.

MPAMBAJI: Kwangu asingemeza kitu.

FUNDI RANGI: Na ukaguzi? Keki tunajua, tangu 2019 chakula kipo chini ya TBS, Shirika la Viwango. Hii yenu ikaguliwe na nani? Ni chakula au ni samani?

MWOKAJI: Ikikaa na kisu ni chakula.

MPAMBAJI: Ikikaa na puti ni samani.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Mimi nina harusi Jumamosi. Naomba jibu ninaloweza kupeleka kwenye kikao leo jioni. Keki ya juu nimeshamlipa mama. Ngazi nne za chini nimeshamlipa dada. Zinakaaje?

MWOKAJI: Keki yangu haikai juu ya puti. Foili au hakuna foili. Glita ikianguka juu yake, jina litakalotajwa ni langu.

MPAMBAJI: Na mimi ngazi zangu hazikai chini ya siagi. Ikiyeyuka ikashuka inanigharimu rangi nzima.

FUNDI RANGI: Tengeni. Dami nyuma, kwenye kona, na kamba ya maua mbele yake. Keki na kisu mbele, peke yake. Fataki sakafuni, mbali na vyote viwili.

MPAMBAJI: Mimi sina neno.

MWOKAJI: Nami sina. Ila kisu nakuja nacho mwenyewe, na naondoka nacho.

MWEKAHAZINA WA KAMATI: Hiyo inataka meza mbili. Ukumbi ule meza ya pili inalipiwa.